Kitabu Kimekugusa Wapi? Somo kwa Vikundi



Mara nyingi katika kurasa hizi tunajifunza juu ya mbolea, miche, akiba na maji safi. Leo tungependa tuzungumze juu ya jambo ambalo vikundi vingi havijalipa nafasi, nalo ni kusoma vitabu na kuambiana vimetugusa namna gani. Labda utasema, "Vitabu ni vya watoto wa shule. Sisi tuna mashamba." Hata mimi nilisema hivyo, na nilikuwa na sababu. Mimi ni fundi mwashi, nilisoma mpaka darasa la saba, na baada ya hapo kitabu nilichoshika kila siku kilikuwa kile cha kuandika madeni.

Mwalimu mmoja mstaafu alipohama kijijini kwetu, alikiachia kikundi chetu sanduku la bati lililojaa vitabu. Tulimshukuru, tukapiga makofi, tukaliweka sanduku pembeni mwa chumba cha mikutano. Lilikaa pale miezi minane. Tulikuwa tunaweka mizani ya kupimia mahindi juu yake.

Siku moja mweka hazina wetu aliuliza, "Hivi, haya madini tuliyopewa tutayachimba lini?" Watu wakacheka, lakini aliendelea. Alipendekeza kila mwanachama aazime kitabu kimoja, akae nacho mwezi mzima, halafu aje atuambie kimemfanyia nini. Tukakubali, wengine kwa shingo upande. Somo hili latokana na yale tuliyoyaona tangu siku hiyo.

Kusimulia hadithi hakutoshi

Mwezi wa kwanza tulikosea. Kila aliyesimama alianza kusimulia hadithi yote tangu mwanzo: huyu akaenda pale, yule akamwoa huyu, mwisho wakafa. Watu wakasinzia. Mama mmoja akasema, "Sasa mkinimalizia hadithi, mimi nitasoma nini?"

Tukajifunza kwamba hadithi ni ya mwandishi, lakini kile kilichotokea moyoni mwako ulipokuwa ukisoma ni chako wewe. Hicho ndicho wenzako hawawezi kukipata mahali pengine. Kama umecheka, sema ulicheka wapi. Kama kimekukasirisha, sema kwa nini. Kama ulilala kila ukikifungua, sema hivyo pia, si dhambi.

Hebu niwape mifano mitano. Vitabu vyenyewe ni vya namna mbalimbali, na kila kimoja kiliamsha jambo lake.

1. Kitabu kilichotuaibisha

Katibu msaidizi alichukua Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Ni kitabu chembamba, lakini Kiswahili chake ni kizito, na alikuja kulalamika mara mbili kabla hajamaliza. Kinahusu nchi ya kuwazika tu, inayoelea angani. Mtu aitwaye Karama anashtakiwa kwa sababu amewafundisha watu sheria. Katika kujitetea anaeleza habari za wajumbe sita ambao nchi ile iliwatuma kila upande kutafuta mambo mema. Kila mjumbe aliporudi na maarifa, alitiwa gerezani.

Katibu msaidizi alisema, "Nilipofika kwa mjumbe wa tatu nilifunga kitabu nikamkumbuka yule kijana wetu." Chumba kikanyamaza, maana sote tulijua anasema nani. Miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa tumemtuma kijana mmoja semina ya ufugaji nyuki, kwa nauli ya kikundi. Aliporudi, tulimpa dakika tano mwisho wa mkutano, watu wameshaanza kuvaa makoti. Mmoja wetu alimwambia, "Umeenda siku tatu tu, sasa umekuwa profesa?" Hakusema tena. Daftari lake la semina lilikaa nyumbani kwake bila kazi.

Hatukumfunga gerezani, lakini tulimnyamazisha. Mkutano uliofuata tulimwomba msamaha, tukampa saa nzima. Leo kikundi kina mizinga. Si mingi, na mingine nyuki walihama, lakini ipo.

2. Kitabu kimoja, watu wawili

Kitabu cha pili ni Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1958. Kilisomwa na watu wawili, mama mmoja mwenye duka na mzee mmoja mkulima. Nawaambia, siku ile hatukuhitaji chai ili kukaa macho.

Yule mama alimchukia Okonkwo kabisa. "Mtu anapiga wake zake, anaogopa kuonekana mpole hata kwa mtoto aliyemlea. Huyo ni shujaa wa nini?"

Mzee akasimama polepole. "Mama, kila ulilosema ni kweli. Lakini mimi nilimhurumia. Baba yake alikuwa mtu wa madeni, hakumwachia hata ghala. Alianza kwa kukopa mbegu za viazi vikuu kwa tajiri, na mwaka huohuo hali ya hewa ikamharibia. Mimi pia nilianza kwa mbegu za kukopa. Najua ile hofu. Mtu akishaikimbia umaskini kwa mbio vile, hajui tena kusimama."

Hakuna aliyeshinda ubishi ule, wala hatukupiga kura. Lakini yule mama alisema kitu wakati wa kutoka ambacho nilikiandika: kwamba sasa anamwelewa mumewe kidogo zaidi, ingawa bado hakubaliani naye. Basi msiogope watu wakitofautiana juu ya kitabu. Mwenyekiti asijaribu kutafuta jibu moja. Kazi yake ni kuona kwamba kila mmoja amemaliza kusema.

3. Kitabu kilichobadilika mkononi

Mzee mwingine alichukua Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hiki ni kitabu cha Mwingereza H. Rider Haggard, cha mwaka 1885, na tafsiri yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1929. Alikuwa amekisoma akiwa kijana shuleni na alikipenda sana: safari, vita, pango lenye almasi. Alikichukua tena kwa furaha kama mtu anayekutana na rafiki wa zamani.

Akarudi na uso mwingine. Alisema, "Nilipokuwa mtoto nilitembea pamoja na wale wawindaji Wazungu. Nilikuwa upande wao. Safari hii nilijikuta nimekaa na wenyeji, nawatazama wageni wakiondoka na almasi mifukoni. Kitabu ni kilekile. Mimi ndiye niliyehama."

Bado anasema ni hadithi tamu, na hajutii kuisoma. Lakini alitufundisha kwamba kitabu kikisomwa mara ya pili baada ya miaka mingi huweza kukuonyesha umefika wapi. Kwa hiyo kama kuna kitabu ulichokisoma zamani, usiseme, "Hicho nakijua." Kijaribu tena.

4. Kitabu kilichomliza mama

Kitabu cha nne si hadithi. Ni Mahali Pasipo na Daktari, kitabu cha afya cha David Werner, ambacho kwanza kiliandikwa kwa ajili ya watu wa vijijini Mexico na sasa kimefasiriwa katika lugha nyingi. Kina picha nyingi, kwa hiyo akina mama wasiosoma vizuri walikipenda. Walikuwa wanakifungua pamoja, mmoja anasoma, wengine wanafuata picha.

Walipofika mahali panapoeleza juu ya kuhara, mama mmoja alianza kulia. Miaka mingi iliyopita alikuwa na mtoto aliyeharisha. Watu wazima walimwambia asimpe maji kwa sababu yataongeza kuhara, naye akatii. Mtoto hakupona. Sasa kitabu kinasema wazi kwamba linaloua haraka ni mwili kuishiwa maji, na kwamba mtoto anatakiwa anyweshwe mara kwa mara, aendelee kunyonya na aendelee kula.

Hatukujua la kumwambia. Wenzake walimshika mkono tu. Baadaye yeye mwenyewe alisema, "Sikukosa mapenzi, nilikosa kuambiwa. Sasa wengine wataambiwa." Tangu hapo yeye ndiye anayetembelea akina mama wenye watoto wachanga katika kijiji chetu. Anawaeleza wawape watoto vinywaji mara tu kuhara kunapoanza, wachukue pakiti za chumvi maalum na vidonge vya zinki kwenye zahanati, na wasikawie kumpeleka mtoto kama amelegea, macho yameingia ndani, ana damu kwenye choo, au hawezi kunywa.

Angalieni jambo moja hapa. Kitabu cha afya chaweza kuzeeka. Dawa hubadilika na vipimo hubadilika. Kwa hiyo tazameni kimechapwa mwaka gani, na lolote linalohusu dawa mwulizeni kwanza mhudumu wa afya wa jamii au muuguzi.

5. Kitabu nilichokitupa

Sasa nafika kwangu. Nilichagua Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi kwa sababu jalada lilikuwa limechanika na nilidhani ni kifupi. Kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilikatazwa shuleni Tanzania. Ni kitabu cha watu wazima na kina mambo mazito, hata mtu kujiua, kwa hiyo msiwape watoto wadogo.

Mwanzoni kuna baba mmoja wa Ukerewe aitwaye Zakaria. Ni mlevi, lakini ni mkali sana kwa binti yake Rosa. Anagundua kwamba binti ameandikiwa barua na mvulana, na anampiga vibaya. Nilipofika hapo, nilikitupa kitabu chini ya kitanda. Nikamwambia mke wangu kwamba ni kitabu kibaya, kinawavunjia wazazi heshima.

Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nimefanya jambo lilelile. Mwaka 2009 binti yangu alikuwa kidato cha pili. Nilikuta barua ya mvulana ndani ya daftari lake. Nilimpiga, na kesho yake nikasema sitoi tena karo yangu kwa mtu asiyejua kilichompeleka shule. Alikwenda kwa shangazi yake Mombasa. Alikuwa akiongea na mama yake kwa simu. Mimi nilikuwa napata salamu, na hata hizo nadhani mama yake ndiye aliyekuwa anaziongeza.

Wiki mbili kitabu kilikaa chini ya kitanda. Siku ya kukirudisha ilipokaribia nilikitoa, nikasema angalau nimalize ili nije nikiseme vizuri mbele ya kikundi. Nilikimaliza usiku, kwa taa ya sola. Mwisho wa Rosa ni mbaya. Sikukubaliana na mwandishi kwa kila jambo. Hata leo naona kwamba kosa si la baba peke yake, na kwamba watu wengine katika kitabu wanaachiliwa kirahisi. Lakini usiku ule sikuwa nafikiria watu wengine. Nilikuwa nafikiria ile barua ya daftarini. Sikuwa nimeisoma hata mpaka mwisho. Niliona jina la mvulana tu, ikatosha.

Nilipofika kikundini sikuweza kusema yote haya. Nilisema tu, "Kitabu hiki kimenikuta nyumbani." Wazee wenzangu walielewa, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Kwa hilo nawashukuru mpaka leo.

Namna ya kufanya katika kikundi chenu

Kama mngependa kujaribu, fuateni hatua hizi. Hazihitaji fedha nyingi.

a) Kusanyeni vitabu vya namna mbalimbali. Hadithi, afya, kilimo, maisha ya watu, mashairi, hata vitabu vya shule vya watoto wenu. Ulizeni katika maktaba ya kaunti, shule iliyo karibu, kanisani, na kwa walimu wastaafu. Msiseme ninyi mko mbali sana. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianza kuwapelekea watu wa Garissa vitabu kwa ngamia. Kitabu kikiweza kupanda ngamia, kitapanda na bodaboda.

b) Kila mtu ajichagulie mwenyewe. Msimgawie mtu kitabu kama dawa. Tulipojaribu kumpa mlevi mmoja kitabu cha ubaya wa pombe, alikirudisha siku ya pili na hakuja tena miezi mitatu.

c) Wekeni daftari la kuazima. Jina la kitabu, jina la aliyechukua, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha. Hata sanduku la bati lina haki ya kuwa na hesabu.

d) Msomaji ajiulize maswali matatu, ayaandike hata kwa maneno machache: Kitabu kimenigusa wapi? Nimekataana nacho wapi? Kuna jambo gani nitakalofanya, au nitakaloacha kufanya? Swali la pili ni muhimu kama la kwanza. Kitabu kimeandikwa na mtu, na mtu hukosea.

e) Kila msomaji apewe dakika kumi mkutanoni, watu watatu tu kwa mwezi. Asimalize hadithi. Asikatizwe. Asichekwe kwa sababu ya kusoma polepole.

f) Wasiojua kusoma wasiachwe nje. Wakae wawili wawili na anayesoma kwa sauti. Kwetu, maneno mengi mazuri yametoka kwa bibi mmoja ambaye husomewa na mjukuu wake. Yeye husikiliza kwa makini kuliko sisi tunaosoma.

g) Linalosemwa chumbani libaki chumbani. Kitabu huweza kumfanya mtu afungue jambo la nyumbani kwake. Likitoka nje likawa porojo za sokoni, hakuna atakayesema tena. Mimi nimeandika yangu hapa kwa hiari yangu na kwa ruhusa ya mke wangu na binti yangu, na waliotajwa hapo juu nimewasomea kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Je, kuna kitabu ulichowahi kusoma au kusomewa ambacho hujakisahau? Ni mahali gani hasa unapopakumbuka?

2. Je, kikundi chetu kimewahi kumtuma mtu kujifunza, halafu tukakataa kumsikiliza aliporudi? Tutafanya nini juu yake?

3. Katika kijiji chetu ni imani gani ya zamani juu ya afya ya watoto ambayo inafaa tuichunguze upya? Tumwulize nani?

4. Watu wawili wakisoma kitabu kimoja na wakatofautiana, tutawasaidiaje wote wawili wasikike?

5. Ni vitabu gani vilivyoko kijijini mwetu sasa hivi, ndani ya masanduku, ambavyo hakuna anayevisoma?

Neno la mwisho

Huenda mmejiuliza habari za binti yangu. Baada ya kumaliza kile kitabu nilimwandikia barua. Kwenye simu nisingeweza, maneno yangekwama. Nilimwambia kwamba nilikosea kumpiga, na nilikosea zaidi kumtoa shule, na kwamba barua ile sikuisoma hata mpaka mwisho. Niliiandika mara nne. Mke wangu aliipeleka kwa mtu wa matatu.

Wiki tatu hakukuwa na jibu. Halafu nikapata ujumbe kwenye simu: "Barua nimeipata, baba. Bado nafikiria." Nilimwonyesha mama yake, akaniambia nishukuru kwa hayo.

Mpaka leo hajarudi nyumbani kukaa, ana kazi yake na mtoto wake kule. Lakini sasa tunaongea kila Jumapili jioni, mara nyingi juu ya mvua na bei ya unga. Mwezi uliopita aliniuliza kile kitabu kinaitwaje. Nikamtajia. Nikamwambia akisome polepole, na akimaliza aniambie kimemgusa wapi, hata kama mahali penyewe ni mimi.